Plagi ya Mama Fundi

Vidole vyangu ninavyo vyote. Kwa mtu aliyejifunza kazi ya mbao Mafinga, hilo si jambo la kupita hivi hivi. Nenda ukasimame pale malori yanaposhusha magogo, wape watu mkono mmoja baada ya mwingine, utaona mwenyewe: huyu kidole cha shahada kimeishia katikati, yule gumba limebaki kisiki, mwingine anakupa mkono wa kushoto nawe humuulizi kwa nini. Mimi nikikupa mkono unapata mkono mzima. Waumini wenzangu hapa Mbalizi wanasema ni Mungu. Sibishani nao, ila Mungu huyo alinipitisha kwanza kwa mwanamke mmoja mkali ambaye Mafinga nzima ilimwita Mama Fundi.

Mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma, binti yake alinipigia simu. Yeye ni muuguzi, anaishi Iringa mjini.

"Kaka, shikamoo. Njoo umwambie Mama aiache ile mashine."

"Mashine gani?"

"Si ile ya msasa! Masikio yamekwisha, kaka. Hasikii mlango, hasikii simu, hasikii hata mashine yenyewe, na kila siku anaiwasha. Sisi tukisema anatufukuza kama kuku. Wewe atakusikiliza."

Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nikabaki nimekaa juu ya stuli, nimeishika ile simu mkononi. Mimi, niende nikamwambie Mama Fundi namna ya kukaa na mashine ya msasa! Huo ni utovu wa adabu. Lakini pia niliijua mashine ile. Ikimla mkono mtu aliyeulinda mkono wangu, ningekula vipi chakula changu kwa mkono huu? Kwa hiyo nikaanza kutafuta mchele mzuri wa Kyela wa kumpelekea, maana kwa watu wazima huendi mikono mitupu, hasa ukiwa na maneno mabaya.

Mashine yenyewe ni ile ya kushika mkononi, yenye mkanda wa msasa unaozunguka kwenye rola mbili, ya mbele na ya nyuma. Unaipitisha juu ya ubao na yenyewe inakula mikwaruzo yote ya randa na msumeno. Ni nzito, na ikiwaka inataka kwenda mbele bila wewe. Fundi asiyeijua atasema ni kitu kidogo, haina meno kama msumeno, itamfanya nini mtu. Mama Fundi alikuwa anasema msumeno unaogopwa na kila mtu, hata mlevi, ndiyo maana yeye hakuuogopa sana. Aliogopa kitu ambacho watu wamekidharau.

Nilifika kwake nikiwa mtu mzima, nimeshapigwa na dunia. Nilitoka machimbo ya Makongolosi na kikohozi, dhahabu sikuiona, nikaja Mafinga kupakia mbao kwenye malori. Siku moja bosi wa malori akanituma karakana kwa Mama Fundi na benchi lililovunjika mguu. Nikapiga hodi nikiwa nakohoa.

"Kikohozi hicho cha nini?" aliniuliza kabla hata ya salamu.

"Vumbi la machimbo, Mama. Kamwene," nilijibu kwa salamu ya huko.

"Kamwene. Na lafudhi hiyo ni ya Tukuyu. Unapakia mbao?"

"Ndiyo, ila natafuta kazi ya kujifunza."

"Umetoka kwenye vumbi la mawe unataka kuingia kwenye vumbi la mbao! Mnyakyusa wewe, una akili?"

Akafungua droo, akanitupia barakoa. Si ile nyembamba ya hospitali, nene, yenye kukaa vizuri puani. Hakuniambia karibu, hakuniambia nimekubaliwa. Aliniambia, "Bila hiyo, huku ndani huvuki kizingiti." Niliivaa, nikavuka, na sikutoka tena kwa miaka mingi. Kikohozi kile kilipungua polepole hadi mke wangu akasahau kuwa niliwahi kuwa nacho.

Mama Fundi hakuwa mpole. Naomba hilo lijulikane mapema, maana watu wakishazeeka tunapenda kuwapaka asali. Alikuwa na mdomo! Mteja akimwambia meza inachelewa, alimwambia aende akachonge mwenyewe. Alichelewa mazoezi ya kwaya kila juma, halafu wewe ukichelewa kazini alikuhubiria habari za wanawali wapumbavu. Mkanda mpya wa msasa aliutoa kwa uchungu kama anatoa jino. Mkanda ukishaziba kwa utomvu wa paina, hakuutupa: alichukua soli ya raba ya zamani, akaibonyeza kidogo juu ya mkanda unaozunguka, utomvu ukatoka wote, mkanda ukarudi kazini. Ukishakwisha kabisa aliukata vipande, akavifunga kwenye vibao vya kupigia msasa wa mkono. Lakini mwenye kuchoma chapati pale jirani alipopata msiba, Mama Fundi alimchongea sanduku zuri la mninga, akalipiga msasa mpaka likawa linateleza, wala hakutaka kusikia habari ya malipo. Mtu wa hivyo utamwekaje upande mmoja?

Sasa baridi. Asiyeijua Mafinga mwezi wa sita na wa saba hawezi kuelewa ukatili wa sheria yake ya masweta. Asubuhi ukungu uko chini, paina hazionekani, mtu amevaa sweta, juu ya sweta jaketi, juu ya jaketi skafu, na wengine shuka begani. Wewe unafika karakana unatetemeka, na mwanamke huyu amesimama mlangoni, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye kiwiko.

"Vua."

"Mama, baridi."

"Baridi haijawahi kukata kidole cha mtu. Vua."

Kulikuwa na safu ya misumari pembeni mwa mlango. Kila mtu alikuwa na msumari wake wa kutundikia sweta. Alisema mashine haijui kwamba sweta na mkono ni vitu viwili: ikiushika uzi wa sweta, inauvuta pamoja na mwenyewe. Jiko la mkaa tusingeweza kuliweka ndani, maana vumbi la mbao na moto haviketi pamoja. Kwa hiyo alitupa mafagio. Tulifagia karakana nzima asubuhi, kona kwa kona, mpaka jasho likatoka, na kumbe hapo hapo tulikuwa tumeondoa vipande vya mbao na nyaya za kujikwaa. Nilikuja kugundua ujanja huo baadaye sana. Wakati ule nilimtukana kimoyomoyo kila siku.

Yeye mwenyewe, juu ya soketi, alikuwa na msumari mdogo peke yake. Hapo alitundika pete yake ya ndoa kila asubuhi. Akina mama wa kanisani waliisema sana pete ile. Eti mwanamke gani huyu anamvua mumewe kila siku saa mbili. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kucheka, alijibu kuwa heri pete ibaki msumarini kuliko irudi nyumbani na kidole chake.

Na hakuchagua mtu. Siku moja mchungaji alikuja kuangalia mimbari mpya, amevaa suti, tai inaning'inia. Mashine ilikuwa inaunguruma. Mama Fundi akaizima, akasubiri mkanda usimame kabisa, akailaza ubavu, ndipo akageuka.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Hiyo tai iingize ndani ya shati, au mimbari tuizungumze ukiwa hapo hapo mlangoni."

Mchungaji akacheka, akadhani ni utani. Alipoona hachekewi, akaiingiza tai ndani ya shati. Wiki iliyofuata alikuja hana tai.

Nisiendelee kabla sijasema juu ya plagi, maana yote niliyojifunza kwake yalianzia hapo na kuishia hapo.

Kubadilisha mkanda ni kazi ya dakika chache. Unavuta kishikio cha pembeni, rola ya mbele inalegea, mkanda wa zamani unatoka, mpya unaingia. Ndani ya mkanda kuna mshale. Mshale lazima uelekee kule rola inakozunguka, vinginevyo maungio ya mkanda yanaachia na kitu hicho kinakupiga usoni. Kazi yote hiyo vidole vyako viko ndani, penye rola. Mafundi wengi wanazima swichi tu, wanabadilisha. Wengine wanachomoa waya ukutani, wanauacha sakafuni. Mama Fundi alichomoa, akaikunja ile ncha ya waya yenye plagi, akaitia mfukoni mwa eproni yake.

"Kwa nini mfukoni?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Sakafuni ataiokota mwenye huruma."

"Mwenye huruma?"

"Ee. Atapita mtu mwema, aone waya umelala, aseme ngoja nimsaidie Mama, achomeke. Na mimi vidole viko ndani. Adui simwogopi, baba, adui hawezi kuja kunisaidia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: mwenye mikono ndani ya mashine ndiye mwenye plagi mfukoni. Plagi ya mtu haishikwi na mtu mwingine, hata akiwa ndugu yako, hata akiwa mkeo. Nilimwona akimkatalia mumewe mwenyewe. Mume alinyoosha mkono amshikie, yeye akaupiga kofi mkono ule, akasema, "Nakupenda, lakini huu si mfuko wako." Tulicheka mpaka machozi.

Na sheria ya pili ilikuwa ya umeme kukatika. Kwetu umeme ukikatika, kila karakana ina desturi yake: watu wanaguna kwa pamoja, "Aaaa!", kisha simu zinatoka mifukoni, kisha wote wanaelekea kwenye chai. Kwa Mama Fundi hukuruhusiwa hata kuguna kabla plagi hazijatoka ukutani. Mashine ile ina kitufe kidogo cha kufungia swichi, ili kidole kisichoke. Ukikibonyeza, mashine inabaki imewashwa hata ukiiachia. Sasa umeme ukikatika katikati, mashine inanyamaza, wewe unaona imelala. Haijalala. Inangoja.

Fundi mwenzetu mmoja kutoka Makambako, mtu wa maneno mengi, alikuwa anaicheka sheria hiyo. Alisema Mama anatufanya watoto wa chekechea. Siku hiyo alikuwa anapiga msasa mlango wa kabati la maharusi, mninga mtupu, amefunga swichi kwa kile kitufe. Umeme ukakatika. Akaiacha mashine pale pale juu ya mlango, akaenda kunywa chai. Tukiwa nje tukasikia redio ya kinyozi wa jirani imerudi, na papo hapo ndani kukalia kishindo. Tukakimbilia mlangoni. Mashine ilikuwa imeamka, imepanda mlango wa watu kutoka mwanzo hadi mwisho ikichimba, imeruka ukingo wa meza, imeanguka, na ilikuwa inakimbia sakafuni ikivuta waya wake. Mama Fundi, aliyekuwa amepiga magoti kupima mguu wa kitanda, aliruka kama msichana. Hakuigusa mashine. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akachomoa.

Sisi tulicheka, maana kitu kile kilichekesha. Yeye hakucheka. Alisema, "Dakika moja kabla nilikuwa nimepiga magoti hapo hapo ilipoangukia." Kisha akaukata ule ubao wenye bonde, akautundika ukutani juu ya misumari ya masweta. Mlango mwingine aliuchonga yeye. Ubao ule tuliuita Makambako, na kila aliyekuja kujifunza alionyeshwa Makambako kabla ya kuonyeshwa choo. Mwenye kosa mwenyewe alikuja kuwa mkali wa plagi kuliko sisi wote.

Lakini kumwona akifanya kazi, hapo ndipo ulipata raha. Kwanza ubao aliufunga kwa klampu, au aliuwekea kizuizi nyuma, kwa sababu mashine inaurusha ubao kule kwa aliyesimama. Kisha aliupapasa ubao wote kwa kiganja akitafuta misumari. Msumari ukikutana na mkanda unatoa cheche, cheche zinaingia kwenye mfuko wa vumbi ulio nyuma ya mashine, na mfuko ule ukijaa ni moto unaosubiri kiberiti. Baada ya kuvaa miwani na barakoa, alihakikisha swichi imezimwa, ndipo akachomeka. Waya aliurusha begani, uende nyuma yake, usije ukapita mbele ya mkanda.

Akaiwasha ikiwa hewani. Hapo alikuwa anafumba macho.

"Sikiliza," aliniambia. "Inasaga meno. Mkanda umekwenda pembeni, unalamba bodi." Akazungusha ile skrubu ya kurekebishia, taratibu, taratibu. Sauti ikabadilika. "Sasa imetulia. Sasa inaimba sauti ya pili."

Yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri. Alikuwa na sauti nzito, ya kushika, ambayo huisikii mpaka siku haipo.

Akaishusha mashine ubaoni kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, kwanza nyuma, kisha mbele. Mikono miwili. Hakuikandamiza, uzito wake ulitosha. Aliipeleka kwa kufuata nyuzi za mbao, kwenda na kurudi, bila kusimama, maana ukisimama kidogo tu umechimba bonde. Alipomaliza aliinyanyua ikiwa bado inazunguka, akaizima hewani, akangoja. Ile kungoja! Sisi tulitaka kuitupa mezani tukimbilie kingine. Yeye alisimama ameishika mpaka mkanda ukasimama kabisa, na uso wake wakati huo ulikuwa kama wa mtu anayeitikia sala.

Hapo sasa kwenye kusikiliza ndipo nilipomkasirikia, na bado nimemkasirikia. Mtu huyu aliyetuvua masweta kwenye ukungu, aliyemwambia mchungaji afiche tai, aliyetulinda macho, mapafu na vidole, masikio yake mwenyewe aliyaacha wazi. Nilipoanza kujitegemea nilimnunulia vifuniko vya masikio Mbeya, vizuri, vyekundu. Akavishukuru, akavigeuzageuza, akavitundika msumarini.

"Mama, si ungevaa?"

"Nikivaa nitaisikiaje? Mashine inasema na mimi."

"Itakuua masikio."

"Hebu nipishe, Mnyakyusa. Sikio si kidole, halikatiki."

Wanafunzi wake aliwavalisha. Wateja aliwavalisha. Yeye akaendelea kufumba macho na kusikiliza, mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema mkuu mwenyewe asiposikia la mdogo inakuwaje. Kwanza akawa anapandisha redio. Kisha akawa anatujibu tusichouliza. Kisha nikaambiwa ameacha kwaya, kwa sababu haisikii tena sauti ya jirani yake na hakutaka kuwapotosha wenzake. Niliposikia hilo la kwaya nililia, mtu mzima na ndevu zangu, ndani ya karakana yangu mwenyewe.

Basi nikafika Mafinga na mchele wangu. Ilikuwa alasiri, jua linawaka na baridi iko pale pale. Kijana anayejifunza kwake alikuwa ametumwa mbao. Mlango ulikuwa wazi, na sweta la kijivu nililolijua lilikuwa msumarini. Pete ilikuwa msumarini. Yeye alikuwa amenipa mgongo, mikono ya blauzi imekunjwa, mashine inaunguruma juu ya benchi refu.

"Shikamoo, Mama!"

Hakugeuka. Nikakaa pale pale mlangoni, kwa sababu mtu mwenye mashine mkononi hashtuliwi kwa nyuma. Hilo pia lilikuwa lake. Na nikiwa pale nikasikia. Mashine ilikuwa inasaga meno. Mkanda umekwenda pembeni, unalamba bodi, unapiga kelele ya wazi ambayo mimi, aliyenifundisha yeye, niliisikia hadi mgongoni. Yeye aliendelea, kwenda na kurudi, ametulia kabisa. Naapa moyo wangu uliuma. Nikajisemea binti ana haki.

Mara umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza mikononi mwake. Nikaingia haraka kwa ubavu ili anione, na aliponiona uso wake wote ulifunguka.

"Wewe! Umekuja! Umekonda! Mkeo hapiki?" Alikuwa anapaza sauti kama wasiosikia wanavyofanya. Akanishika mkono, akaugeuza, akavihesabu vidole vyangu kama kawaida yake. "Vyote. Asante Yesu."

"Shikamoo, Mama," nilisema karibu na uso wake.

"Marahaba, baba. Kaa, kaa. Mchele huo? Wa Kyela? Aisee!"

Nikawa napokea furaha yake huku natafuta nianzie wapi. Nikiwa hapo hapo, redio ya kinyozi ikapiga kelele. Umeme umerudi. Nikaiona mashine iko juu ya benchi nyuma yake, na yeye ameegemea benchi lile lile, mkono wake kando ya rola. Nikaruka. Nilimsukuma bega, mama mzima yule, nikanyoosha mkono ukutani.

Soketi ilikuwa tupu.

Nikageuka. Alikuwa ananitazama, anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Akapiga mfuko wa eproni yake mara mbili. Ncha ya waya ilikuwa inachungulia.

"Ulidhani nimesahau?"

"Samahani, Mama. Sikuona ukichomoa."

"Uliangalia uso wangu. Watu wanaopendana huangaliana usoni, hawaangalii plagi." Kisha akaacha kucheka. "Umetumwa."

Nikageukia mfuko wa mchele.

"Umetumwa na yule binti wa Iringa. Usinidanganye, midomo naisoma siku hizi, na yako haijui uongo. Umekuja kuichukua mashine."

"Nimekuja kukuona, Mama."

"Na kuichukua mashine." Akaketi juu ya benchi. Akazipapasa mbao zake. "Hili ni benchi la sauti ya pili. La zamani linawachana nguo. Nimesema, kama siwezi kuimba nao, angalau wakae vizuri." Akaigusa mashine. "Imeninyamazia, unajua? Miaka yote ilikuwa inasema na mimi. Sasa naona tu vumbi linatoka. Niambie ukweli. Ulipokuwa mlangoni, ilikuwa inasemaje?"

Ningeweza kumpa neno la kumfurahisha. Lakini mtu aliyekulinda vidole humlipi kwa uongo.

"Ilikuwa inasaga meno, Mama. Sana."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akaigeuza mashine, akauangalia mkanda. Ukingo wake mmoja ulikuwa umechanika vibaya, umebaki kidogo ukatike ukiwa unazunguka. Aliuangalia kwa muda mrefu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliingiza mkono kwenye mfuko wake, akaitoa plagi, akasogea, akaitia kwenye mfuko wa shati langu. Akaufunga na kifungo.

"Tumalize benchi hili," alisema. "Wewe uwe masikio. Halafu uondoke nayo."

"Mama, plagi ya mtu haishikwi na..."

"Najua ninachosema. Niliitunga mimi."

Akavuta kishikio. Rola ikalegea. Akaingiza vidole vyake ndani, vyote, vidole vilivyozeeka na ambavyo havijawahi kupungua, akaanza kuutoa mkanda ule mbovu. Hakuniangalia hata mara moja. Mimi nilisimama nimeishika plagi juu ya shati kwa mkono mzima, siwezi kuhema, mpaka aliponionyesha mshale uko sawa na kishikio kimefungwa.

Nilichomeka. Akaiwasha hewani. Akafumba macho, kwa mazoea, kisha akayafumbua, akaniangalia mimi. Nikasikiliza. Nikamwonyesha kwa kidole: kushoto kidogo. Akazungusha skrubu. Kidogo tena. Nilipoinua gumba, alitabasamu, akaishusha ubaoni, kwanza nyuma, kisha mbele. Tulipiga msasa benchi lile lote hivyo, yeye kwa mikono, mimi kwa masikio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimvalisha vile vifuniko vyekundu, akakubali, japo alisema ni sawa na kufunga zizi ng'ombe ameshaibiwa.

Tulipomaliza alichomoa mwenyewe, akairudisha plagi mfukoni mwangu, akaufuta mwili wa mashine kwa kanga kuukuu, akaitia kwenye gunia. Akachukua kibao chake chenye kipande cha mkanda wa zamani, akaanza kulainisha kona za benchi kwa mkono.

"Msasa huu hauhitaji masikio," alisema.

Nikasema, "Ndaga fijo, Mama." Ndiyo asante kubwa kuliko zote kwa lugha yangu, na miaka yote ile sikuwa nimeitamka mbele yake kwa kilugha. Hakuisikia. Alikuwa ameinamia benchi. Nikamzunguka, nikapiga magoti mbele yake, nikaisema tena, polepole, ili aisome.

Aliisoma. Akanipiga kofi dogo la shavu, kama lile alilompiga mumewe mkononi.

Nje nikampigia binti yake. "Mashine naondoka nayo," nikamwambia.

"Kaka, umemwambiaje?"

"Sikumwambia kitu."

Nilipogeuka kuaga, Mama Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sweta lake mchana kweupe, kwa mara ya kwanza ninamwona amelivaa akiwa ndani ya karakana. Pete ilikuwa kidoleni. Akapaza sauti, barabara nzima ikasikia:

"Hiyo ya mfukoni usiitoe mpaka ufike Mbalizi!"

Sikuitoa. Waya ulitoka kwenye gunia, ukapita magotini kwangu, ukaingia kwenye mfuko wa shati, njia nzima, na jirani yangu ndani ya basi alinitazama mpaka akachoka.